Alizaliwa Peke Yake?

Mwaka 2016 nilinunua mtamba kwa shilingi 1,200,000, fedha taslimu, kwa mzee mmoja wa upande wa Isongole. Nilimkagua kama ninavyokagua madaftari ya kidato cha pili: macho, pua, kwato, ngozi, chuchu nne na mahali zilipokaa. Nikauliza mama yake alikuwa akitoa lita ngapi. Nikauliza kama amechanjwa, kama amezoea mabingobingo, kama ana tabia ya kupiga teke. Mzee akajibu yote kwa utulivu. Tukapeana mikono, nikasema ndaga, asante ya Kinyakyusa, nikakodi kirikuu, tukashuka na mnyama hadi nyumbani Tukuyu huku mvua ikitupiga njia nzima kama kawaida yake.

Kuna swali moja sikuliuliza. Nilikuja kuulizwa mimi, miaka miwili baadaye, na kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyevaa mabuti ya kuazima.

Mtamba nikamwita Subira. Nilidhani ni jina la ng'ombe, kumbe lilikuwa agizo langu. Alikula, akanenepa, akang'aa. Alipofikisha umri wa kupandishwa nikaanza kumvizia joto. Aliyefuga anajua kazi hiyo: unaamka usiku kusikiliza nani analia, unachungulia asubuhi kama kuna ute mwembamba umening'inia, unaangalia nani anampanda nani. Ng'ombe wangu mwingine, Neema, alikuwa kama kalenda ya ukutani. Kila baada ya siku 21 hivi anapiga kelele mpaka majirani wanajua. Subira alikuwa kimya. Mwezi ukapita, ikapita miwili, ukapita msimu mzima wa mahindi.

Mhimilishaji, fundi wa kupandikiza mbegu, akaja. Akasema ni lishe, nikanunua pumba, mashudu na jiwe la madini la kulamba. Akaja tena akasema ni minyoo, nikanunua dawa. Akaja mara ya tatu na sindano ya kuleta joto, ikachomwa, ikarudiwa baada ya siku kadhaa. Mara mbili alipandikiza mbegu kwa kubahatisha, na mara zote mbili nilimlipa. Baadaye nimejiuliza mrija wake ulikuwa ukifika wapi, lakini tuyaache hayo. Mama mkwe wangu, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alisimama siku moja kwenye mlango wa banda, akamtazama Subira kwa muda mrefu, akasema, "Mkamwana, huyu ng'ombe ana shingo ya kiume." Nikacheka. Nilikuwa na shahada ya ualimu wa baiolojia, tena nafundisha homoni kila mwaka.

Desemba 2018 mtoto wa kaka yangu alikuja likizo. Alikuwa anasoma udaktari wa mifugo Sokoine, Morogoro. Nikampeleka bandani baada ya chai, zaidi kwa kujitapa kuliko kwa kuomba msaada, maana banda langu ni zuri. Alizunguka nyuma ya Subira, akainama. Chini ya uke kulikuwa na kifungu cha nywele ndefu, kama ndevu za beberu. Mimi niliviona vinywele vile tangu siku ya kwanza nikadhani ni urembo.

"Shangazi, huyu alizaliwa peke yake?"

"Peke yake vipi?"

"Hakuwa na pacha?"

Sikujua. Akaniomba mrija wa plastiki laini wenye ncha butu na mafuta safi. Kwa mtamba mkubwa kama yule mrija ulipaswa kuzama karibu urefu wa rula ya shule. Uligota kwenye theluthi tu, kama umekutana na ukuta. Hakusukuma. Alichomoa, akanawa, akasema nimpigie simu aliyeniuzia.

Mzee alipokea simu kwa furaha. "Ndiyo, mwalimu, walikuwa pacha, huyo na kaka yake. Kaka yake tulimchinja Krismasi ya mwaka ule. Kwani vipi?" Nikamwambia vipi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole kabisa, "Sasa mwalimu, hukuniuliza."

Hasira ilinikaa kama wiki nzima, na haikuwa ya fedha pekee. Nilikuwa nimefundisha habari za homoni miaka kumi na minne. Ubaoni huandika vilevile kila mwaka: homoni ni mjumbe wa kemikali, hutolewa na tezi, husafiri kwa damu, huenda kwenye kiungo lengwa. Wanafunzi wananakili, wanafaulu. Na hapa nyumbani kwangu kulikuwa na mnyama ambaye habari yote ile ilikuwa imeandikwa mwilini mwake, nami nilimlisha madini.

Kijana akanieleza jioni ile tukimenya magimbi jikoni. Ng'ombe akishika mimba ya pacha, mara nyingi kondo za nyuma za ndama wale wawili huungana mapema, na mishipa ya damu huungana nazo. Damu ya huyu huzunguka kwa yule. Kama mmoja ni dume na mwingine jike, basi kuna tatizo la muda: korodani za dume huanza kazi mapema, jike akiwa bado hajatengeneza ovari zilizokamilika. Homoni za kaka zinavuka, ile testosteroni na nyingine ambayo kazi yake ni kuzuia mji wa mimba usijengeke, zinamkuta dada kwenye ujenzi. Anazaliwa jike kwa sura, ndani hana kizazi cha kufanya kazi. Zaidi ya tisa katika kila majike kumi waliozaliwa pacha na dume huwa hivyo. Mwanasayansi Frank Lillie wa Chicago alilieleza jambo hili mwaka 1916, akasema linaletwa na homoni zinazopita kwenye damu, wakati ambapo hata jina la testosteroni lilikuwa halijatungwa. Mwaka 1945 Ray Owen akaonyesha kwamba ng'ombe pacha hubeba maisha yao yote seli za damu za wenzao. Kwa hiyo Subira alikuwa bado ana damu ya kaka yake aliyeliwa Krismasi. Sentensi hiyo ilinifanya niache kumenya gimbi.

"Na zile sindano za kuleta joto?" nikauliza.

"Zilipiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu."

Hapo ndipo nilipomuuliza swali la kialimu. Tuseme kizazi kingekuwapo. Tuseme mtu angempandikizia ovari nzima ya ng'ombe mwingine. Je, angeingia joto? Akatabasamu, akasema sasa nimefika kwenye ubongo, na kwamba majibu mazuri ya swali hilo yalipatikana kwa wanyama ambao mimi na yeye tumekua nao.

Mimi ni mtu wa Kilolo kwa kuzaliwa. Rungwe nimeletwa na ndoa. Jikoni kwa mama yangu kulikuwa na simbilisi, wale Waingereza wanaowaita guinea pig, kama jikoni kwingine kote kwa wakati ule. Waliishi chini ya uchaga wa kuni, wakila maganda ya viazi na majani ya mahindi, wakipiga miluzi yao kila mtu akifungua mlango. Kazi yangu ilikuwa kuwahesabu jioni. Ninakumbuka vizuri simbilisi akizaa: watoto wanatoka na manyoya yao, macho wazi, meno yapo, na kabla ya jua kuzama wanakimbia nyuma ya mama yao na kuonja majani. Kwenye kihenge cha mahindi, hatua kumi kutoka pale, kulikuwa na panya. Watoto wa panya ukiwafumania ni vipande vya nyama vya rangi ya waridi, macho yamefunikwa na ngozi, hawana hata unywele. Macho yao hufunguka baada ya wiki mbili hivi. Nilikuwa na miaka tisa na nilimuuliza mama kwa nini simbilisi wanazaliwa wakubwa. Akasema kwa sababu wanakaa tumboni muda mrefu. Ndivyo ilivyo: mimba ya simbilisi ni zaidi ya miezi miwili, ya panya ni wiki tatu. Panya huzaliwa nyumba ikiwa kwenye msingi. Simbilisi huzaliwa imekwisha ezekwa.

Mwaka 1959 watafiti wanne wa Kansas, Marekani, wakina Phoenix, Goy, Gerall na Young, walichapisha majaribio yao juu ya simbilisi. Waliwachoma majike wenye mimba testosteroni, kisha wakawasubiri mabinti waliozaliwa mpaka wakue. Mabinti wale walipopewa homoni za kike wakiwa wakubwa, hawakuitika kama majike wa kawaida wanavyoitika. Walipopewa testosteroni, walipanda wenzao zaidi kuliko majike wengine waliopewa dozi hiyo. Jike mzima ambaye hakuguswa tumboni ukimpa testosteroni, mambo yake hubadilika kwa muda, dawa ikiisha anarudi alivyokuwa. Aliyeguswa kabla ya kuzaliwa harudi. Kutokana na hapo wakasema homoni ina kazi mbili kwa nyakati mbili: mwanzoni hupanga ubongo, ukubwani huamsha kile kilichokwisha pangwa.

Kwetu kuna msemo wa la mgambo likilia kuna jambo. Nimeutumia darasani tangu mwaka ule. Baragumu ni moja, sauti ni ile ile. Kijiji kikiwa kinajengwa, likilia hutoka mafundi na majembe na kamba. Kijiji kikishakamilika, likilia hutoka wenye nyumba na wake zao kwenda mkutanoni. Ukilipiga baragumu la ujenzi wakati mafundi wameshaondoka, utapata watu wanaokuja kukutazama tu. Na masikio yenyewe ndiyo vipokezi, protini zilizo ndani ya seli ambazo homoni hukaa juu yake kama ufunguo kwenye kitasa, kisha hizo protini huenda kushika jeni na kuziambia zifanye kazi au zilale. Seli isiyo na kipokezi hupitiwa na homoni siku nzima na haina habari.

Tunajuaje kwamba vipo? Elwood Jensen, naye wa Chicago, mwishoni mwa miaka ya 1950 alichukua estradioli, homoni ya kike, akaifunga na haidrojeni yenye mionzi ili aweze kuifuatilia, akawapa panya wachanga wa kike. Misuli iliiacha ipite. Mji wa mimba uliishika na kukaa nayo. Kitu fulani mle ndani kilikuwa kinaikamata. Watu wakaenda na mbinu za aina hiyo hadi kwenye ubongo, na wakakuta estradioli imeshikwa vilevile kwenye haipothalamasi, eneo dogo la chini ya ubongo linalotawala joto la uzazi, njaa, kiu na mambo mengine ya kuishi. Kwa panya wachanga waliikuta hata kwenye gamba la juu la ubongo, kwa wingi katika wiki za mwanzo, kisha hupungua sana mnyama akikua. Hilo ndilo lililonikaa kichwani kuliko mengine yote: masikio yanaota mahali, yanasikiliza kwa siku kadhaa, halafu mengi yanaondolewa.

Sasa rudi kwa panya wa kihenge. Kwa kuwa anazaliwa mapema, ujenzi ambao simbilisi humaliza tumboni yeye huufanyia nje, mbele ya macho yetu, na ndiyo sababu maabara zikampenda. Mwaka 1961 Charles Barraclough alichapisha jaribio la kumchoma panya jike wa siku tano sindano moja tu ya testosteroni. Panya wale wakakua, wakawa na ovari, wakawa na kila kitu, na mayai hayakushuka. Tasa. Alipowachoma wengine wakiwa na siku ishirini, hakuna kilichotokea, wakakua na kuzaa kama wenzao. Sindano ile ile. Siku kumi na tano katikati.

Nilimwambia kijana kwamba basi huyo ni Subira mwenye ovari. Akasema karibu, ila nisilazimishe: kwa ng'ombe kama Subira uharibifu ulio wazi uko kwenye viungo vya uzazi vyenyewe, na ndama si panya. Ndama anasimama ndani ya saa moja, macho wazi, anatafuta kiwele. Yuko upande wa simbilisi. Dirisha lake kubwa, ule muda wa kupangwa na homoni, limekwisha kufungwa tumboni. Nikampenda kwa jibu hilo. Wanafunzi wengi wangeniachia nifurahi na mfano wangu.

Kuna sehemu nyingine ya habari hii inayonichekesha kwa sababu inafanana na jiwe langu la madini. Mwaka 1936 Carroll Pfeiffer alikuwa ameshapandikiza korodani kwenye panya wachanga wa kike akaona wanakua bila kupata mzunguko. Alichunguza vizuri, akatoa lawama kwa tezi ya pituitari, ile iliyoning'inia chini ya ubongo, kwamba ndiyo iliyogeuzwa kuwa ya kiume. Ikaaminika hivyo miaka mingi. Mwaka 1952 Geoffrey Harris na Dora Jacobsohn wakachukua pituitari za madume wakazipandikiza chini ya ubongo wa majike walioondolewa za kwao, na majike wakaendelea na mizunguko yao kama hakuna kilichotokea. Tezi haikuwa na ubaguzi wowote. Ilikuwa inatii tu. Mwenye amri alikuwa ubongo uliokaa juu yake. Pfeiffer alikiona kitu sahihi akamshika mtu asiye sahihi, na mimi nilichofanya ni kumshika muuza pumba.

Nisingesema nililielewa lililofuata siku hiyo. Kijana alisema kwamba kwa panya, homoni inayoufanya ubongo wa dume kuwa wa kiume ni estradioli. Nikamwambia amechoka, akalale. Lakini ndivyo. Dume mchanga hutoa testosteroni kwa wingi saa chache baada ya kuzaliwa. Ikifika kwenye ubongo, kimeng'enya kiitwacho aromatesi huigeuza kuwa estradioli palepale ndani ya seli, na estradioli hiyo ndiyo inayokaa kwenye vipokezi na kuanza kupanga. Nikauliza kama kila mwalimu angeuliza: basi kwa nini mabinti, ambao mama yao ana estradioli tele kwenye damu, hawageuki wote? Kwa sababu damu ya kichanga cha panya ina protini iitwayo alfafetoprotini, ambayo huikamata estradioli na kuizuia isiingie ubongoni. Testosteroni haikamatwi. Inapita getini kwa jina moja, ikifika ndani inabadilisha koti.

Mwaka 1978 Roger Gorski na wenzake huko Los Angeles walieleza kifungu cha seli katika ubongo wa panya, mbele ya haipothalamasi, ambacho kwa dume ni kikubwa mara kadhaa kuliko kwa jike. Mhasi dume siku alipozaliwa, kifungu hubaki kidogo. Mpe jike mchanga testosteroni, kinakua. Fanya hivyo kwa panya wazima, kinabaki kama kilivyokuwa.

Kila ninapofundisha hili siku hizi, kuna mwanafunzi wa dawati la nyuma atakayeinua mkono kuuliza kuhusu watu. Huwa namjibu kwa ukali kidogo. Alfafetoprotini ya binadamu haiikamati estradioli kama ya panya. Kwa binadamu vipokezi vya testosteroni yenyewe vinaonekana kuwa na uzito zaidi. Kuna watu wenye kromosomu za kiume ambao vipokezi vyao hivyo havifanyi kazi, nao hukua na mwili wa kike na wengi hujijua kuwa wanawake. Zaidi ya hapo mtu analelewa, ana ndugu, ana kanisa au msikiti, ana majirani. Panya hana majirani wanaomsema.

Kitu kimoja nilikibadilisha bandani bila kungoja ushahidi wa mwisho. Zamani nilikuwa namtoa ndama mara tu anapodondoka, namfuta kwa gunia, namweka kwenye kizimba chake na kumpa dang'a kwa chupa, kwa kuwa niliambiwa ndivyo wafugaji wa kisasa wanavyofanya. Kijana alinieleza kazi ya Michael Meaney na wenzake wa Montreal juu ya panya. Mama panya hawafanani: wapo wanaolamba watoto wao sana katika wiki ya kwanza na wapo wanaolamba kidogo. Waliolambwa sana hukua na vipokezi vingi zaidi vya homoni ya msongo katika hipokampasi, sehemu mojawapo ya ubongo, na vipokezi hivyo ndivyo vinavyosaidia mwili kuzima king'ora baada ya hofu kupita. Wanakuwa wapole, hawashtuki ovyo. Ukichukua mtoto wa mama asiyelamba ukamlelesha kwa mama anayelamba, anakuwa kama wa huyo mlezi. Mwaka 2004 walionyesha kwamba kulambwa hubadilisha alama za kikemikali kwenye jeni ya kipokezi chenyewe. Najua, ndama si panya, nimeshaambiwa. Hata hivyo siku hizi namwachia Neema amlambe mtoto wake mpaka akauke, ananguruma kwa sauti ile ya chini ambayo ng'ombe huitoa siku hiyo tu. Kama haimsaidii ndama vipokezi, inamkausha, na mimi ninapumzisha mgongo.

Mama wa kijana huyu, wifi yangu, ni wa Makete. Alitusikiliza jioni ile bila kusema neno, halafu akauliza, "Na rovu je? Si ndiyo hayo hayo?" Tukatazamana. Ukinga, kwao huko Makete, ilikuwa maarufu kwa rovu. Mvua za milimani zimeosha ardhi kwa karne nyingi, madini joto yamekwenda na maji, na mahindi na viazi vya huko vikakosa. Wifi anakumbuka bibi zake wakifunga vitenge shingoni, na anakumbuka kondoo wakizaa watoto dhaifu wenye shingo zilizovimba, wengine karibu hawana sufu. Tezi ya shingo isipopata madini joto haiwezi kutengeneza homoni yake, na ubongo unaojengwa una vipokezi vya homoni hiyo tangu tumboni. Ikikosekana wakati huo, seli hazisafiri kwenda mahali pake na matawi yake hayaoti vizuri. Ukimpa mtu dawa akiwa mkubwa, uchovu utapungua. Ubongo haurudi kujengwa upya. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini joto vilianza kugawiwa katika wilaya zilizoathirika, na miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuweka madini joto kwenye chumvi yote. Wifi alimeza vidonge vile akiwa msichana. "Walituambia ni vya shingo," alisema. "Kumbe vilikuwa vya watoto ambao hatujawazaa."

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea ganda la gimbi.

Subira nilimuuza mwaka uliofuata kwa mchinjaji, kwa shilingi 850,000. Alikuwa mnene kweli. Hao huwa wanene. Mama mkwe hakusema "nilikwambia." Aliomba ulimi, nikampelekea.

Mwaka 2021, mwezi wa Aprili, Neema alizaa pacha. Nilikuwa shambani nikaitwa na mtoto wa jirani, na kabla sijamwona hata mmoja nilishauliza ni nini na nini. Dume na jike. Neema alikuwa anawalamba kwa zamu, hajui aanzie wapi. Nikasubiri wiki tatu. Kijana, ambaye sasa ni daktari wa mifugo upande wa Mbozi, alinielekeza kwa simu: mrija laini, mafuta, mkono mwepesi, ukigota usilazimishe. Kwa ndama wa umri ule ulipaswa kuingia sentimita kumi na tatu au zaidi. Nilikuwa nimeuwekea alama kwa kalamu ya wino. Uligota kwenye sita.

Jirani yangu alikuwa amemtamani ndama yule tangu siku ya kwanza, kwa rangi yake ya udongo mwekundu na kwa sababu Neema anasifika mtaani kwa maziwa. Alikuja na fedha mkononi. Nikamwambia akae kwanza. Nikamweleza, si kwa Jensen na Barraclough, nilimweleza kwa Subira, ambaye alimfahamu. Alifikiri, akanywa chai yake yote, akasema basi atamchukua wa kunenepesha, auzwe Desemba ya mwaka ujao, na bei iwe ya nyama. Tukakubaliana.

Alipofika mlangoni akageuka. "Mwalimu, mimi naweza kufa kabla ya Desemba hiyo. Wanangu watamuuza kama mtamba. Niandikie."

Nikachana karatasi kwenye daftari la maandalio ya somo, nikaandika tarehe, rangi ya ndama, jina la mama yake, na chini yake: Huyu alizaliwa pacha na dume. Hashiki mimba. Auzwe kwa nyama tu. Nikasaini. Aliikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati pamoja na kadi ya chanjo.